Shajara ya mradi: lebo za asali na kazi huria ya watu watatu, Tabora

Tarehe 4 Mei

Mradi huu nimeuandikisha chuoni kama kazi ya kuhitimisha stashahada ya usanifu wa grafiki, na swali lake ni moja: je, mwanafunzi anayeishi Tabora, mwenye laptopu moja na bando la kubana matumizi, anaweza kujipatia riziki ya kazi huria kwa kushirikiana na mafundi wengine wa mjini badala ya kushindana nao? Nimelichagua kwa sababu wengi tuliosoma pamoja tumeanza kwa namna moja, kila mtu akifanya kila kitu peke yake, nembo, bango la msiba, kadi ya harusi, fulana ya kampeni, hata picha za mnato, kisha akashangaa kwamba usingizi hapati na fedha hazionekani.

Wenzangu katika jaribio hili ni wawili. Wa kwanza ni mpiga picha mwenye studio ndogo kule Ng'ambo, ambaye riziki yake kubwa ni picha za pasipoti na mahafali. Wa pili ni fundi wa uchapaji mwenye duka karibu na Soko Kuu, mtu mzima kuliko sisi, ambaye tumezoea kumwita kaka. Kazi ya kujaribia imepatikana kupitia kwa shangazi yangu: kikundi cha wafugaji nyuki wa upande wa Sikonge wanataka lebo kwa ajili ya asali wanayoileta mjini, nao wanaitaka kabla msimu wa kurina haujafika mwisho.

Tarehe 9 Mei

Wiki hii nimesoma zaidi ya kuchora. Nilianza kwa kutafuta mifano ya wasanifu waliowahi kuungana bila mmoja wao kuwa bosi, na mfano ulionishika ni wa Pentagram, ofisi iliyoanzishwa London mwaka 1972 na watu watano: Alan Fletcher, Theo Crosby, Colin Forbes, Kenneth Grange na Mervyn Kurlansky. Jina lenyewe, lenye maana ya nyota ya pembe tano, linatokana na idadi yao. Utaratibu wao ni kwamba kila mbia ana wateja wake na wasaidizi wake, anaamua mwenyewe kuhusu kazi zake, lakini mapato yanaingia katika chungu kimoja na wabia wanagawana sawa. Ofisi hiyo ipo hadi leo, ingawa waasisi walishaondoka. Nimeandika pembeni ya daftari: "Sawa kwa sawa. Tujaribu."

Kisha nikaangalia njia ya pili, ile ya masoko ya mtandaoni. Fiverr, iliyoanza mwaka 2010, humkata muuzaji asilimia 20 ya kila malipo, kwa hiyo kazi ya dola 50 humwachia dola 40 kabla ya makato ya kuzitoa fedha hizo. Sina ugomvi na makato hayo, kwa kuwa dalali wa mpunga naye hukata chake. Shida yangu ni kwamba mteja wa huko hunitazama miongoni mwa maelfu ya wachoraji wengine, wala hajui tofauti ya Tabora na Timbuktu, ilhali mfuga nyuki wa Sikonge ananijua kwa ukoo.

Jambo la tatu ambalo halikuandikwa popote nililiona kwa macho yangu. Nilipita katika maduka sita ya uchapaji mjini, nikauliza bei ya kusanifu lebo. Katika maduka manne nilijibiwa kwamba usanifu ni bure ikiwa nitachapa hapohapo. Kumbe kazi yangu sokoni haina bei, imemezwa na bei ya karatasi na wino. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba fundi wa uchapaji nisipomfanya mshirika, kila siku atakuwa mpinzani wangu, naye atanishinda kwa neno moja tu: bure.

Tarehe 13 Mei

Tumekwenda Sikonge, mimi na mpiga picha, kwa basi la asubuhi na kisha bodaboda mbili hadi kijijini. Mwenyekiti wa kikundi ni mzee mwenye masihara. Nilipomwamkia, "Shikamoo baba," aliitikia marahaba, akanijaribu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," nikaitikia, ndipo akakubali kukaa. Nikamweleza kwamba lebo itamsaidia mnunuzi kuitambua asali yao. Akanitazama kidogo.

"Mwanangu, asali yetu watu wanaijua kwa kuonja. Wewe unataka waijue kwa kutazama?"

"Ndiyo baba. Dukani hawaruhusiwi kuonja."

Alicheka, akamwambia mke wake alete sahani. Tulionja aina tatu. Ya nyuki wakubwa ilikuwa nyeusi na nzito, nyingine ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, na ya nyuki wadogo wasiouma ilikuwa nyepesi yenye uchachu. Nilikuwa nimepanga rangi moja ya dhahabu kwa lebo zote, kwa sababu kichwani mwangu asali ina rangi hiyo, na mpango huo uliishia pale kwenye sahani, kwa kuwa rangi hufuata maua na miti ya myombo iliyochanua msimu huo.

Picha nazo zimenifundisha. Wiki iliyopita nilikuwa nimekusanya vielelezo mtandaoni, karibu vyote vikiwa na kijiti cha mbao chenye mifereji ya kuchotea asali, pembe sita za sega, na nyuki mnene mwenye milia kama ya katuni. Kile kijiti sijawahi kukiona katika nyumba yoyote ya Tabora. Mizinga ya kikundi hiki mingi ni ya magome na magogo, imetundikwa juu ya miti, na michache tu ni ya kisasa ya masanduku. Mwenzangu alipanda mti wa jirani ili aupige mzinga picha kwa usawa wake, wazee wakimcheka kwa viatu vyake, na ile picha moja ina thamani kuliko folda yangu nzima. Hapo nilikiri moyoni kwamba mpiga picha si mtu wa kumwita mwishoni aje kupamba kazi iliyokwisha kuamuliwa.

Jambo la mwisho la safari ni vipimo. Kikundi kinauza kwa "lita", kwa kutumia chupa za maji zilizooshwa, na mzee alitaka lebo iandikwe "kilo 1" kwa sababu maduka makubwa huuza kwa kilo. Asali ni nzito kuliko maji, na lita moja yake ina uzito wa takriban kilo 1.4. Kwa miaka yote hiyo aliyemuuzia mtu chupa ya lita kwa bei ya kilo alikuwa anamzawadia karibu gramu 400. Nilipomfanyia hesabu kwenye mchanga, hakucheka tena. Tumekubaliana kwamba watanunua vyombo vya kioo vya mililita 370, ambavyo vinatosha gramu 500 na kubakiza nafasi kidogo juu, na lebo itaandikwa uzito halisi kwa gramu.

Tarehe 14 Mei

Umeme umekatika tangu saa tatu asubuhi. Nimechora kwa penseli.

Tarehe 20 Mei

Mpangilio wa lebo umenitesa siku nne. Mambo yanayotakiwa kuonekana ni mengi: jina la bidhaa, uzito, jina na anwani ya mfungashaji, namba ya toleo, tarehe ya kufungasha na ya mwisho wa matumizi, nchi inakotoka, na onyo kwamba asali asipewe mtoto chini ya mwaka mmoja. Yote haya yakae juu ya karatasi inayozunguka chombo, ambapo jicho huona sehemu ndogo tu kwa wakati mmoja.

Nilifunguka siku nilipomwona mama akikunja khanga. Khanga ina pindo kuzunguka kingo zote, ina mji katikati wenye picha kubwa moja, na ina jina, yaani maneno, yaliyopangwa chini ya mji kwa mstari mmoja. Hakuna anayehitaji kufundishwa aanze kutazama wapi. Nimeipa lebo pindo jembamba la nukta, mji ambao ni ule mzinga wa gogo, na jina chini yake kwa herufi kubwa. Maelezo ya lazima nimeyahamishia upande wa nyuma.

Fonti, yaani mtindo wa herufi, nayo ina hila zake. Maneno yetu ni marefu, na programu niliyokuwa nikitumia ilikata maneno kwa kanuni za Kiingereza, ikaandika "imefun-gashwa" badala ya "imefu-ngashwa". Nimezima ukataji wote na kuvunja mistari kwa mkono. Nimechagua fonti zenye leseni huria ya SIL, inayoruhusu matumizi ya biashara bila malipo, kwa sababu sitaki mteja wangu aje kudaiwa kwa ajili ya herufi.

Tarehe 27 Mei

Siku mbaya. Tumechapa stika 200 za kwanza na zote hazifai.

Kwenye kioo cha laptopu yangu rangi ya pindo ilikuwa ya machungwa iliyowaka, lakini kwenye karatasi imetoka kama matope ya bwawa la Igombe. Tena kingo za stika nyingi zina mstari mweupe, kwa sababu mashine ya kukatia iliyumba kidogo nami sikuwa nimeirefusha rangi kupita mstari wa kukatia. Desturi ni kuacha milimita 3 za ziada kila upande, na darasani niliandika jambo hilo kwenye mtihani nikapata alama zote.

Sababu ya rangi ni ya kitabuni pia. Kioo hutengeneza rangi kwa kuchanganya nuru nyekundu, ya kijani na ya buluu, ndiyo RGB. Mashine ya uchapaji huchanganya wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, ndiyo CMYK, na rangi fulani zinazowaka kwa nuru haziwezi kufikiwa kwa wino hata kidogo. Nilipeleka faili la RGB, mashine ikajitafsiria yenyewe.

Nilimpigia kaka fundi kwa hasira ambayo sasa naionea haya. Nilimuuliza kwa nini hakusimamisha kazi alipoona stika ya kwanza. Alinijibu kwa upole ulioniuma zaidi: "Dada, mimi nachapa nilicholetewa. Wewe ulisema umemaliza."

Yuko sahihi, na hayuko sahihi. Mtu mwenye uzoefu wa miaka mingi aliiona rangi ile akajua, ila hakuna mahali tulipokubaliana kwamba ana haki ya kunisimamisha, na angenisimamisha pengine ningemwona anajifanya mwalimu. Tulikuwa tumezungumza kwa kirefu jinsi ya kugawana fedha, lakini hatukusema hata neno moja kuhusu namna kazi inavyotoka mkononi mwa mmoja na kuingia mkononi mwa mwingine. Hasara ya karatasi na wino ni shilingi 20,000. Tumeigawana nusu kwa nusu, yeye na mimi, na mpiga picha hatukumgusa.

Tarehe 30 Mei

Nimebadilisha lengo la utafiti. Mwanzo nilidhani mradi wangu unahusu jinsi ya kupata wateja pamoja. Sasa nauona unahusu makabidhiano.

Tumekaa watatu dukani kwa fundi baada ya saa za kazi, tukaandika karatasi moja ya makubaliano. Kuanzia sasa faili haliendi kwenye uchapaji bila sampuli moja iliyochapwa kwenye mashine ileile na karatasi ileile, na sampuli hiyo itatiwa saini na mimi, na fundi, na mteja. Fundi ana ruhusa ya kusimamisha kazi bila kuomba radhi. Mpiga picha atakabidhi picha zenye ukubwa wa kutosha nukta 300 kwa inchi katika kipimo cha kuchapia, si zile zilizobanwa na WhatsApp, na atazileta kwa flashi. Mimi nitatoa PDF iliyokwisha kugeuzwa kuwa CMYK, yenye milimita 3 za ziada, na fonti zilizofungwa ndani ya faili lenyewe. Marekebisho ya mteja ni mara mbili, na ya tatu ina bei.

Kipengele kilichobishaniwa zaidi kilihusu faili chanzo, yaani faili la mchoro linaloweza kubadilishwa. Fundi alitaka abaki na nakala ili mteja akirudi mwakani amchapie bila kunitafuta. Nilikataa, kwa kuwa ndivyo usanifu unavyogeuka kuwa bure. Tumefikia kati: nakala inakaa kwake, lakini kila anapoichapa upya napata sehemu ndogo iliyotajwa katika karatasi, na akibadilisha hata herufi moja lazima nijue.

Tarehe 6 Juni

Nimesoma Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kilichonisaidia ni kwamba haki ya mtunzi huanza pale kazi inapoumbwa, bila kusubiri cheti, na hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo picha ya mzinga ni ya mpiga picha hata kama imekaa ndani ya lebo yangu, na lazima mkataba wetu na kikundi useme wazi kinanunua nini. Tumeandika kwamba kikundi kinaruhusiwa kutumia lebo kwa bidhaa zake bila kikomo cha muda, lakini picha peke yake haiuzwi kwa mtu mwingine.

Baada ya hapo nilijitazama kwenye kioo. Mtu anayedai haki ya kazi yake alikuwa anachora kwa programu iliyovunjwa kufuli, ambayo mwanafunzi mwenzetu aliisambaza kwa flashi. Nimeifuta. Sasa nachora kwa Inkscape, nasafisha picha kwa GIMP, na napanga kurasa kwa Scribus, ambazo zote ni huria. Inkscape ninayoitumia inafanya kazi kwa RGB, hivyo mchoro naupitisha Scribus ndipo ninapata PDF ya CMYK. Ni hatua moja zaidi, na kusema kweli Scribus ina ukaidi wa punda, lakini sampuli ya pili imetoka na rangi niliyoitarajia. Machungwa yale yaliyowaka nimeyaacha, nimechukua rangi ya asali ya chai ya rangi, ambayo wino unaiweza.

Tarehe 15 Juni

Fedha. Mkataba na kikundi ni shilingi 360,000. Walitoa arubuni ya nusu kabla ya kazi na nusu ya pili wameilipa leo kwa simu. Stika 600 kwa shilingi 200 ni 120,000, ambazo ni za fundi moja kwa moja, zikabaki 240,000 za usanifu na picha. Tumeondoa gharama: nauli na bodaboda za Sikonge 38,000, sampuli 12,000, bando na umeme wa LUKU 10,000. Zimebaki 180,000.

Kwa kanuni ya Pentagram kila mtu alipaswa kupata 60,000. Nilikuwa nimeandika saa zetu tangu siku ya kwanza: mimi 34, mpiga picha 9, fundi 5 za ushauri, mbali na uchapaji aliolipwa peke yake. Kwa saa, ningechukua 127,500, mpiga picha 33,750 na fundi 18,750. Nilikuja kikaoni nikiwa na jedwali hili, nikiamini hesabu haina mjadala.

Mpiga picha alilisoma, akasema, "Saa zangu tisa umeziandika. Kamera yangu iliyokaa kazini hujaiandika." Kamera ile aliinunua kwa kuuza pikipiki. Laptopu yangu nilipewa na kaka yangu wa nyumbani. Sikuwa na jibu.

Kanuni ya usawa imewafaa watu wa London kwa sababu kila mbia alikuja na wateja wake na jina lake tayari, na mmoja akipungukiwa mwaka huu mwingine humbeba. Sisi hatujafika hapo, na ukarimu wa mapema huzaa kinyongo. Saa nazo peke yake humpendelea anayefanya kazi polepole, na kati ya zile saa zangu 34 nyingi nilikuwa najifunza. Tumeamua kutenga sehemu ya kumi, shilingi 18,000, iwe mfuko wa vifaa, na zilizobaki 162,000 tumezigawa hivi: nusu kwangu, yaani 81,000, theluthi kwa mpiga picha, 54,000, na sudusi kwa fundi, 27,000. Kwa kazi zijazo mafungu yatapangwa upya kila mara, kabla ya arubuni kupokelewa, kwa sababu bango la duka halihitaji mpiga picha na kitabu cha picha kinamhitaji yeye kuliko mimi.

Tarehe 24 Juni

Tumekabidhi. Mzee alikuja mwenyewe mjini, akazungusha chombo mkononi, akautambua mzinga. "Huu ni wa kwa mdogo wangu," alisema, na kweli ulikuwa wa kwake. Aliuliza kwa nini hakuna alama ya TBS, shirika la viwango, kama kwenye asali ya dukani. Nilimweleza kwamba alama ya ubora hupewa aliyepata leseni baada ya bidhaa kupimwa, nami siwezi kuichora kama ua. Nimeacha nafasi yake upande wa nyuma, na nafasi nyingine ya msimbomilia (barcode), ambao kwa bidhaa zinazosajiliwa hapa nchini huanza na tarakimu 620. Hakufurahi sana, ila ametuagiza tumwandalie lebo ndogo ya asali ya nyuki wadogo.

Tarehe 2 Julai

Mipango ya miezi mitatu ijayo. Tutasajili jina la biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa majina yetu matatu na kila mmoja atachukua namba ya mlipakodi TRA, mamlaka ya mapato, kwa kuwa duka moja kubwa la hapa mjini limetuambia halilipi ankara isiyo na namba hiyo. Jina bado tunabishana. Nitaweka kazi hii Behance, tovuti ya wasanifu kuonyesha kazi zao, ikiwa na hatua zake zote, pamoja na picha ya zile stika 200 zilizoharibika, ingawa mpiga picha anaona ni kujianika.

Nataka pia kujaribu kama karatasi yetu ya makabidhiano inastahimili umbali. Kigoma kuna wafungashaji wa mawese na wa dagaa ambao bidhaa zao hupita hapa kwa treni, na binamu yangu aliyeko Mwanga, hukohuko Kigoma, amepata mmoja anayehitaji lebo. Mpiga picha wa huko simjui na fundi wa huko simjui. Sampuli itabidi isafiri, isainiwe, irudi, na hapo siku mbili za Tabora zitakuwa wiki nzima. Kazi za nje ya nchi nimezipa nafasi moja tu katika kipindi hiki, nembo moja kupitia Fiverr, ili niwe na kitu cha kulinganisha katika ripoti ya chuo, ikiwemo saa zitakazopotea kueleweshana kwamba saa nne yangu ni saa kumi yao.

Kesho saa mbili niko dukani kwa kaka fundi kuchapa sampuli ya lebo ya nyuki wadogo. Ameshanipigia kwamba faili nililomtumia jana lina pindo jembamba mno kwa mashine yake, na kwamba amelisimamisha.